Andika kabla hujabandika: albamu ya mambo madogo ya nyumbani

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ngamiani, Tanga. Mwanangu wa kwanza anaingia bweni Januari inayokuja kuanza kidato cha kwanza. Juzi nimefungua picha zetu zote, nikakuta mahafali, maulidi, Idi na harusi za shangazi zake, lakini ya siku ya kawaida hakuna hata moja. Nataka nimtengenezee albamu ya mambo madogo madogo ya hapa nyumbani, ingawa naona haya kidogo kwa sababu ni madogo kweli. Baba yao anasema picha ziko kwenye simu, zinatosha. Tena albamu yetu ya harusi, ile ya kurasa zenye gundi na plastiki juu, imegeuka njano na picha zimeganda. Nianzie wapi, nitumie vitu gani visivyo vya gharama, na nitaitunzaje huku pwani? Mdogo wake wa miaka sita anataka tubandike kitumbua cha Bibi.

JIBU: Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale uliposema siku ya kawaida hakuna hata moja. Nina zaidi ya miaka ishirini na tano katika kazi ya kutunza karatasi na picha za watu. Hilo uliloliona wewe mapema, mtoto bado anakula mezani kwako, wenzio wengi huniletea wakati mwenye habari zake keshazikwa. Wanakuja na bahasha ya picha, wananiuliza: huyu ni nani, hapa ni wapi, alikuwa anafanya nini? Nami sina la kuwajibu. Kwa hiyo haya iondoe. Una wiki kumi na mbili hivi, nazo zinatosha.

Picha za zamani za mwambao zilizopita mikononi mwangu nyingi ni za studio. Unguja kulikuwa na Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na Mombasa na Lamu nako wapigapicha wa mitaani hawakukosekana. Watu walioga, wakavaa, wakaenda kusimama mbele ya pazia. Nazipenda picha zile, na nimetumia siku nyingi za maisha yangu kuzisafisha kwa brashi laini. Lakini igeuze moja upande wa nyuma. Ukibahatika utakuta mhuri wa studio. Jina la mwenye sura mara nyingi hukuti. Tunajua kanzu yake ilikuwa imepigwa pasi. Hatujui alipotoka pale alirudi nyumbani kwa njia gani, alikuta nini jikoni, wala mama yake alikuwa akimwita nani kwa kumdekeza. Albamu zetu za leo zimerithi desturi hiyohiyo ya kupiga shughuli na kuacha siku. Shughuli ina watu mia tatu wa kuikumbuka. Siku ya Jumanne ina ninyi wa nyumbani tu.

Kwa sababu hiyo, kabla hujanunua gundi wala karatasi ya rangi, nunua penseli. Kazi yako kubwa ni kuandika, kubandika ni kwa baadaye.

Chukua mfano. Tuseme una picha ya Bibi yuko uani, mjukuu kachuchumaa pembeni yake. Wengi chini yake wangeandika: "Bibi na mjukuu, Tanga, 2024." Hakuna uongo hapo, ila mtu atakayeisoma baada ya miaka thelathini atakuwa ameambiwa kile anachokiona kwa macho yake. Sasa andika namna hii:

"Jumanne, kabla ya adhana ya alfajiri. Unga Bibi aliusaga jana, umelala, umeumuka. Anaukoroga, halafu anagonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mara tatu. Ni mara tatu siku zote. Wewe ukisikia pigo la tatu ndipo unapotoka kitandani. Kitumbua cha kwanza huwa hakikai duara kwa sababu chuma hakijapata moto sawasawa, kwa hiyo hakiuzwi, ni chako. Vingine vinauzwa shilingi mia mbili kimoja. Yule jirani wa geti la bluu huchukua kumi kila siku na hulipa Ijumaa."

Unaona tofauti? Hapo hata picha ikipotea, asubuhi ile bado ipo. Kuna mlio, kuna saa, kuna bei, kuna sheria ya nyumba ambayo hakuna aliyeitunga. Huyo kijana wako akiyasoma maneno haya akiwa na miaka arobaini atausikia mwiko.

Ukikaa kuandika, usijiulize ni jambo gani kubwa lilitokea wiki hii. Swali hilo litakufunga mkono. Jiulize ni jambo gani mnalifanya bila kulifikiria. Nani anakaa kiti gani? Baba akirudi jioni mnamjua kwa nini kabla hajagonga: kengele ya baiskeli, kikohozi, au namna anavyoburuza ndala? Maji yakikatika nani anatumwa, na anabeba ndoo ya rangi gani? Mdogo alikuwa akilitamkaje jina la kaka yake kabla ulimi haujakomaa? Haya ya matamshi yaandike leo hii, usingoje Jumapili, kwa maana mtoto akishalipata neno sahihi lile la mwanzo linatoweka nyumba nzima, na hata mama mzazi hulisahau. Mimi nina wanangu watatu, na nina maneno yao mawili tu niliyoyaandika. Mengine yamekwenda.

Na bei. Bei nakusisitizia, maana watu huziona hazina maana. Andika nauli ya bajaji kutoka kwenu hadi sokoni, bei ya fungu la mchicha, ya kipande cha barafu, ya kunyoa nywele. Nimeshika madaftari ya maduka ya zamani yaliyoandikwa na watu wasiokusudia kumwachia mtu yeyote kumbukumbu, mistari ya sukari, mafuta ya taa na kiberiti tu, na wajukuu wameyasoma huku wakilia. Wamemwona babu yao akikopesha.

Njia ninayowashauri watu ni hii. Nunua kaunta buku moja la jalada gumu, toboa pembeni, funga penseli kwa uzi, lining'inie jikoni au sebuleni, mahali ambapo kila mtu anapita. Kila mtu wa nyumbani aandike anachotaka, mstari mmoja au mitano, juu yake tarehe. Baba yao naye aandike. Bibi kama hapendi kuandika, asimulie, mjukuu aandike kwa maneno ya Bibi yaleyale, asiyasahihishe. Kama Bibi anasema kwa Kidigo au Kibondei, yaandikwe hivyohivyo. Kila Jumapili mkishakula, fungueni mchague jambo moja, hilo ndilo liende kwenye albamu kwa mwandiko mzuri pamoja na picha au kitu kinacholihusu. Wiki kumi na mbili, kurasa kumi na mbili. Usijaze zaidi ya hapo. Albamu nilizowahi kuona zimekwama, na ni nyingi, zilikwama kwa sababu mwenyewe alitaka kuanza tangu siku ya harusi na kufuata mwaka kwa mwaka. Anza na wiki hii.

Kuhusu vitu vya kuweka. Kilicho bapa na kikavu kinafaa, ila kila kimoja kina tabia yake.

Risiti na tiketi za basi za siku hizi zinazotoka kwenye kimashine usizibandike zenyewe. Ile karatasi haina wino. Imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na maandishi yake hufubaa yakikaa kwenye mwanga, kwenye joto au yakigusana na plastiki laini. Nimeona risiti za mwaka mmoja tu zimekuwa karatasi nyeupe. Siku unapoipata, ipeleke steshenari wakutolee fotokopi, kisha bandika kopi. Gazeti nalo hivyohivyo. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, ile inayoufanya mti uwe mgumu, na hiyo ndiyo inayoligeuza njano, ikalifanya likatike kama papadi, na mbaya zaidi asidi yake huhamia kwenye picha iliyo ukurasa wa pili. Kopi ya gazeti kwenye karatasi nyeupe ya kawaida ya A4 itadumu kuliko gazeti lenyewe. Wino wa mashine ya fotokopi ni unga wa plastiki wenye kaboni ulioyeyushiwa juu ya karatasi kwa joto, maji hayauondoi na jua haliupaushi kirahisi.

Ujumbe wa simu unakili kwa mkono. Najua inaonekana ni kazi bure kunakili kwamba umepokea shilingi elfu tano kutoka kwa kaka yako saa mbili na dakika kumi usiku. Lakini siku ile ulikuwa huna kitu, na elfu tano ile ilikuwa chakula cha kesho. Nakili maneno ya muamala, kisha andika ilikuwa ya nini. Namba za simu ziache.

Kanga ya Bibi iliyochakaa ni kitu cha kutunzwa kuliko picha zake kumi, kwa sababu alikuwa nayo kila siku na harufu ya moshi wa jiko imo ndani yake. Zile za Mombasa zenye alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, kampuni iliyoanza mwaka 1887, bado zimo makabatini mwa watu, na mimi kila nikipewa kanga kuukuu jambo la kwanza ninalolitafuta ni jina. Mwombe Bibi kipande chenye jina, msichukue bila ruhusa yake. Kifuliwe kwa maji matupu, kikauke kivulini, kisitiwe wanga. Usikibandike kwa gundi, kishone kwa nyuzi chache kwenye karatasi ya manila nyeupe, na ukurasa unaokielekea uweke karatasi tupu kwa sababu rangi ya kanga huchuja kukiwa na unyevu. Halafu andika kanga ilinunuliwa na nani, na kama jina lile lilikuwa la kumsema mtu, andika alisemwa nani, kama Bibi ataridhia.

Mwandiko nao ni kitu kingine cha kuweka. Orodha ya kwenda sokoni, karatasi ya mazoezi ya hesabu yenye alama nyekundu, kijikaratasi cha "Mama nimeenda mpirani." Wekeni hivyo vyote. Hakuna mwandiko wa mtoto unaobaki ulivyo kwa zaidi ya mwaka.

Sasa vifaa, na hapa nitakuokolea pesa. Huhitaji albamu ya kuagiza. Nunua faili gumu la kutobolewa, karatasi nyeupe za A4 na manila nyeupe. Manila ya rangi, hasa nyeusi na nyekundu, iache, inavuja rangi ikipata unyevu. Picha usizipake gundi kabisa. Zishike kwa pembe: kata kipande cha karatasi nyeupe kama utepe wa upana wa vidole viwili, kunja ncha mbili zikutane katikati chini upate pembetatu, ingiza kona ya picha ndani yake, kisha gundi iende nyuma ya pembetatu tu, isiguse picha. Pembe nne kwa kila picha. Mtoto wa miaka sita anaweza kukunja mia kwa jioni moja, na mwachie yeye kazi hiyo. Picha ikihitaji kutolewa siku moja kwenda kunakiliwa, itatoka kama ilivyoingia.

Selotepu isiingie kwenye nyumba ya albamu. Inageuka rangi ya chai, gundi yake inazama kwenye karatasi, na kuitoa ni kazi inayonichukua siku nzima kwa ukurasa mmoja. Gundi ya mpira ya fundi viatu nayo hapana. Gundi ya unga wa ngano sisi wa kazi hii tunaitumia, ila tunatumia wanga uliosafishwa, na pwani ukipaka uji wa jikoni umewaandalia mende karamu. Gundi nyeupe ya shule, kidogo, nyuma ya pembe za karatasi, itatosha. Na picha au cheti usikipeleke kulamineti. Najua kila steshenari ina mashine hiyo na inaonekana ni ulinzi. Joto lile linaiunganisha plastiki na karatasi moja kwa moja, unyevu ukipenya pembeni hautoki tena, na hakuna fundi atakayeweza kuitenganisha.

Penseli nimekwisha kuitaja. HB ya kawaida kabisa. Risasi yake ni kaboni, haipauki, haichujiki hata ukurasa ukilowa. Peni za kawaida rangi yake hufifia, nyingine hutambaa, na ukiandika nyuma ya picha kwa kalamu mstari hutokea mbele usoni mwa mtu. Picha za siku hizi zina utando wa plastiki nyuma, penseli ngumu haishiki, kwa hiyo maelezo yaandike kwenye ukurasa chini ya picha.

Katika picha za simu chagua chache, zipeleke kwa wanaosafisha picha kwenye mashine ya picha, si kwenye printa ya ofisi ya wino wa maji. Wino ule ukipata tone moja la mvua unakimbia.

Albamu ya harusi. Hili limenigusa, maana mimi mwenyewe nimeumizwa na albamu ya namna hiyo. Nilikuwa na picha moja tu ya baba yangu akiwa kazini, karakana ya reli, kashika spana, kageuka kidogo kama aliyeitwa ghafla. Zile nyingine zote alikuwa amesimama wima kama mlingoti. Tayari nilikuwa nimeajiriwa katika kazi hii, na nilikuwa na haraka, nikaishika kona nikavuta. Utando wa juu wa picha ukabaki kwenye gundi, na uso ulikuwa kwenye utando huo. Sijaisahau sauti ile ya kuchanika.

Kwa hiyo usivute. Kwanza piga picha kila ukurasa kama ulivyo, mchana, karibu na dirisha, simu ikiwa juu yake sawasawa isitupe kivuli. Hata likitokea lolote, hapo una nakala. Halafu inua plastiki taratibu. Picha inayocheza, itoe. Isiyocheza, chukua uzi mwembamba wa kusafishia meno, unapatikana duka la dawa, uupitishe nyuma ya picha kwenye kona moja na uusogeze kama unayekata sabuni, huku na huku, bila kuinua picha. Ukikuta uzi umekwama, simama. Kata ukurasa kuizunguka picha kwa mkasi, ibaki na ubao wake, ihifadhi hivyo. Picha yenye kipande cha kadibodi nyuma bado ni picha. Usitumie pasi, usitumie mvuke, usitumie maji. Na ile iliyoganda kwenye plastiki ya juu usiiguse kabisa, inakiliwe hivyohivyo.

Kama baadhi zimegeuka nyekundu, si kosa lako. Picha ya rangi ina matabaka matatu ya rangi, na katika karatasi nyingi za miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 lile la samawati lilikuwa dhaifu, likatangulia kufifia hata gizani. Ndiyo maana za wazazi wako zinaonekana kama zimepigwa wakati wa machweo, ilhali za babu, nyeusi na nyeupe, zikioshwa vizuri na fundi wake, bado ni kali. Zako za harusi zitakuwa za baadaye, ziko imara zaidi, ila gundi na plastiki ndivyo vimeziumiza. Plastiki yenye harufu kali kama ya pazia jipya la bafuni ni PVC, inatoa kemikali pole pole. Ukinunua mifuko ya faili tafuta iliyoandikwa PP. Hata hiyo mimi kwa pwani siipendi sana, kwa sababu masika picha hulowana ndani yake na kunata. Karatasi inapumua.

Baba yao yuko sahihi kwa sehemu, na usibishane naye. Picha za simu ni nyingi, hazina mende, na nakala yake haina gharama. Mwombe afanye mambo mawili. Azihamishie kwenye kompyuta au diski ya nje, na nyingine zikae kwenye hifadhi ya mtandaoni, ili simu ikiibiwa stendi msipoteze kila kitu kwa dakika moja. Na mkitumiana picha kwa WhatsApp mzitume kama dokumenti. Ukiituma kwa njia ya kawaida inabanwa, na taarifa zilizofichwa ndani yake, ikiwemo tarehe ya kupigwa, zinaondolewa. Arekodi pia sauti ya Bibi akigonga ule mwiko. Hilo, karatasi haiwezi.

Lakini muulize jambo moja kwa upole: huyo kijana huko bweni atakuwa na simu? Shule zetu haziwaruhusu. Usiku wa kwanza taa zikizimwa, au Jumapili ya pili ambayo ndiyo ngumu kuliko ya kwanza, picha elfu nne zilizoko kwenye simu ya baba hazitamfikia. Kitabu kilichoko chini ya nguo ndani ya tranka kitamfikia.

Ila usimpe albamu halisi. Bweni kuna mvua, kuna mafuta ya taa, kuna wenzake. Kurasa kumi na mbili zikikamilika zipeleke zikatolewe fotokopi ya nyeusi na nyeupe, zibaindiwe, hiyo ndiyo aende nayo. Ikichanika mtatoa nyingine. Na kabla hujapeleka, kaa naye muipitie pamoja, yeye na wewe tu, umuulize ukurasa gani hataki wenzake wauone. Ana miaka kumi na tatu au kumi na minne, ana heshima yake. Jina alilokuwa akiitwa na bibi yake alipokuwa mtoto linaweza kuwa tamu kwako na likawa mateso kwake bwenini. Ukurasa huo ubaki nyumbani.

Utunzaji. Adui wako huko ni unyevu kwanza, wadudu baadaye. Ukungu huota pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 hivi kwa siku kadhaa, na masika Tanga inakaa juu ya hapo bila shida. Albamu ilaze bapa kwenye kabati lililoegemea ukuta wa ndani ya nyumba, usiwe ukuta unaopigwa na mvua wala wa bafuni, tena juu, isikae karibu na sakafu kwa ajili ya mchwa na mafuriko. Usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki ukaikaza, utakuwa umefunga unyevu ndani. Kopo kubwa la biskuti la bati linafaa, likiwa na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, ambavyo kazi yake ni kunywa unyevu, na watoto wakatazwe kuvichezea. Wengine huweka mchele. Mchele huleta wadudu, usiweke. Vile vidonge vyeupe vya kabatini vyenye harufu kali navyo visikae na picha, mvuke wake unaathiri plastiki na ni mbaya kwa kifua cha mtoto. Mara moja kwa mwezi, siku kavu yenye upepo, ifungue, pitisha kurasa, ifute vumbi kwa kitambaa kikavu. Kwa kubandika, subiri siku za kaskazi karatasi ikiwa kavu. Wiki hizi za vuli andikeni zaidi, na kazi ya pembe na gundi iwekeni hadi Desemba mwishoni mvua zikipungua.

Acha kurasa tatu tupu mwishoni mwa ile ya nyumbani. Akirudi likizo ya Juni atakuwa na mambo ya bwenini ambayo wewe huyajui: kitanda cha juu au cha chini, kengele inayowaamsha, maharage ya siku gani ndiyo mazuri. Mpe penseli ileile.

Na huyo mdogo, kitumbua kisibandikwe, maana mafuta yake yatapenya kurasa zote na mende watafuata. Mwambie akiweke juu ya karatasi kikiwa kimepoa, akizungushie penseli pembeni, aandike tarehe na neno lolote analoliweza. Halafu akile.